Wimbo wa Stoo

Jumatatu, 2 Oktoba

Mteja alikaa kwenye stuli yangu leo akisubiri nimpindie kanga, na ng'ambo ya barabara spika za Filbert, muuza nyimbo, zinapiga wimbo wa singeli niliouimba mimi. Akasonya. "Huyo binti anayeimba hapo hana wazazi. Hebu sikia hiyo sauti, ya kukulia jalalani." Mimi mguu kwenye cherehani, nashona. Wimbo ukaisha, ukaingia wa taarabu, nao wangu vilevile. Mama wa watu akafumba macho. "Enhe! Huyu sasa ni mwanamke. Huyu kafundwa." Nikamkunjia kanga yake, nikamshukuru, akaenda zake.

Candida, fundi mwenzangu tunayegawana naye baraza, alicheka mpaka akajichoma sindano. Jioni nikanunua daftari hili. Mambo kama haya nikimsimulia mama nyumbani Magomeni ananiambia Mwanamkuu unaongeza chumvi, basi bora yakae kwenye maandishi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Filbert kaniuliza nina sauti ngapi. Huyu anauza nyimbo kwenye flashi, na nyuma ya duka lake ana kachumba alikobandika trei za mayai ukutani, anakaita studio. Nikamhesabia. Kuna binti wa singeli: ana miaka kumi na saba, anaongelea puani na ana ugomvi na mtaa mzima. Kuna Bi Mkubwa wa taarabu, mwanamke wa hamsini, kajiegemeza kwenye kochi, anajua siri za kila mtu na hana haraka ya kuzitoa. Halafu kuna Madam wa hotelini, yule wa dansi, anayeimba Kilingala kashika kiuno. Kilingala naimba mwaka wa saba sasa na sijui hata neno la kuombea maji. Nayashika maneno kwa sikio, nayatia huzuni au furaha kutegemea gitaa linasema nini, na watu wazima wanatoa leso.

Filbert akasema mimi ni kinyonga. Nikamwambia kinyonga anabadilika ngozi tu, mimi nabadilika mpaka umri.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Baraza limelowa nusu, nimeshona viatu vikiwa juu ya meza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Duka ambalo baraza lake ndiyo ofisi yetu ni la Mzee Tulsidas na mkewe Jashoda, Wahindi wa Kigujarati, hapa Mtaa wa Narung'ombe. Wanauza vitambaa. Jina la Jashoda hatulitumii, mtaa mzima tunamwita Mama Chintan, kwa mwanawe. Ndiye aliyenikaribisha hapa miaka minne iliyopita, nilipofukuzwa kule Mtaa wa Congo na cherehani kichwani. Anachotaka kwangu ni nimpindie pazia zake na nimwimbie kidogo mchana wateja wakipungua. Mzee ni mtu wa aina nyingine. Anakaa nyuma ya kaunta kutwa nzima kama kapigiliwa misumari, na kwa miaka minne yote maneno aliyoniambia ni "mkasi wangu uko wapi".

Leo mvua ilikata wateja. Mzee alikuwa hekaluni. Mimi meza yangu imeegemea ukuta wa stoo, na ndani ya stoo Mama Chintan alikuwa kajifungia. Nikasikia sanduku la bati linavutwa. Halafu sauti.

Mama yule anaimba! Miaka minne mimi ndiye ninayemwimbia! Sauti ya chini, kavu kidogo, inapanda kwenye neno la tatu na kubaki imening'inia huko juu, halafu inashuka kwa vidaraja vidogo na kusimama mahali ambapo hukutegemea isimame. Mguu ukasahau kuwa uko kwenye cherehani, nikashona kanga ya mteja pamoja na sketi yangu.

Aliurudia mara nne. Mara ya nne nilikuwa nao wote kichwani, maneno na pumzi, ingawa sikuelewa hata neno moja. Sauti ikishaniingia mimi haiombi ruhusa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema stoo ina vumbi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeamka nao. Nimeoga nao. Nimeukunia nazi.

Alhamisi, 19 Oktoba

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwana."

"Juzi ulikuwa unaimba nini kule stoo?"

Alishtuka, akamtupia jicho mumewe kwenye kaunta. Mzee anafuta miwani, hana habari. "Wa zamani," akasema.

"Wimbo wa nini, Mama? Mtamu!"

Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Wa msichana," akasema kwa sauti ndogo, na papo hapo akaniuliza pazia za mteja wa Upanga zimefikia wapi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Chintan huja Jumamosi kuwaletea wazazi wake chakula. Kijana wa watu mpole, anaoa Disemba, mchumba wake Trupti. Kuna neno kwenye ule wimbo linarudi kila mstari, nikamuuliza.

"Ladi ni nini kwenu?"

"Bibi harusi. Vipi dada Mwana, unanitafutia wa pili?"

Basi, hesabu imetimia. Wa msichana, na ndani yake kuna bibi harusi. Ni wimbo wa harusi. Na yale macho mekundu? Hata kwetu bibi harusi akitolewa nyumbani mama zake wanalia kama amesafirishwa baharini. Nimejipongeza kwa akili zangu.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mama Chintan kaniita ndani, kanikalisha kwenye jora la kitambaa, kanipa chai ya tangawizi. "Tarehe nane Disemba tunampaka Chintan manjano. Wanawake peke yetu, na nyimbo. Utakuja kuimba?"

Ni kama singo yetu, isipokuwa kwao hata bwana harusi anasingwa. Nikamuuliza anataka taarabu au nini.

"Wowote unaotaka. Wewe mtu wa nyumbani."

Mtu wa nyumbani! Nilitoka pale nikiwa sikanyagi chini. Nikaamua palepale: nitamwimbia wimbo wake mwenyewe, kwa Kigujarati, mbele ya ndugu zake wote. Simwambii mtu. Nataka nimwone uso.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Filbert kurekodi ili nijisikie. Nimeupa sauti ya Bi Mkubwa, nikaukoleza, pale juu unaponing'inia nikatia mtetemo, pale unaposhuka nikatabasamu. Maana wimbo wa harusi ni furaha, hata ukiwa na chozi. Filbert alivua vidude vya masikioni akaniangalia. "Mamaa, hii ni hatari. Hii umeitoa wapi?"

Nikamwambia siri ya kambi.

Jumapili, 12 Novemba

Sikukuu yao ya taa. Nimekula vitamu vyao mpaka meno yanauma.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua ya leo si ya kawaida. Maji yalipanda kutoka barabarani yakaingia barazani kwa mkupuo, meusi, na maboksi na malapa ya watu yakielea. Candida akapiga kelele. Mimi nikakumbatia cherehani nikashindwa kuinyanyua. Ghafla mikono miwili myembamba ikaipokea. Mzee Tulsidas! Mzee wa miaka sabini na kitu, suruali imelowa mpaka magotini, kaibeba na kuiweka juu ya kaunta yake, juu ya vitambaa vyake vya hariri. Akarudi akabeba ya Candida. Akarudi kwenye kiti chake akaanza kufuta miwani.

Siamini mpaka sasa. Miaka minne namwita yule mzee msumari.

Jumatano, 29 Novemba

Filbert kanionyesha alichokifanya: kaukimbiza ule wimbo, kautia biti ya singeli, sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya mtoto aliyekunywa soda. Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Filbert, wewe mchawi. Nzuri!" nikamwambia. Nikarudi kwenye pazia zangu.

Ijumaa, 8 Disemba

Mdomoni bado nina ladha ya manjano.

Ukumbi wa jumuiya yao uko Upanga. Nimefika saa nne asubuhi, nimevaa gauni la kijani, kiremba kimenyooka. Wanawake kama sitini, sari za kila rangi, maua, mabakuli ya manjano. Chintan kakalishwa kwenye kigoda katikati, wanampaka mashavu, anacheka. Mama Chintan alikuja mlangoni kunipokea na mikono yake ya njano, akanitambulisha kwa wifi yake, dada wa Mzee, kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu Mwana, anashona kwetu, anaimba kuliko redio."

Nikawapa taarabu mbili. Wakapiga makofi, wakacheza. Kuna mama alikuwa na ngoma yao ya mapajani, ananifuata vizuri sana. Nikamwinamia nikamwambia, "Sasa polepole." Nikavuta pumzi. Nikaanza.

Mstari wa kwanza, ngoma ikakatika. Nikadhani anausikiliza. Mstari wa pili, ukumbi mzima kimya, na mimi ukumbi ukiwa kimya ndiyo kwanza napanda. Nikaona bibi mmoja anajifunika sari kichwani. Nikaona mwingine, mkongwe kabisa, kwenye kiti cha nyuma, mkono wake umeinuka wenyewe na kuanza kujipiga kifuani, taratibu, kwa mahadhi yangu. Nikasema moyoni, Mwanamkuu, umewapata. Nikatia mtetemo.

Mstari wa tatu, Mama Chintan akasimama. Anakuja kwangu moja kwa moja, mkono kaunyoosha mbele. Mimi mtu wa taarabu. Miaka kumi na miwili jukwaani, mwanamke akisimama katikati ya wimbo na kunijia kanyoosha mkono, najua ni kitu gani: anakuja kunituza. Nikamtabasamia. Nikamwinamia ili asipate tabu.

Akaniziba mdomo.

Kiganja kizima, na manjano yake, kwa nguvu, mpaka kichwa changu kikarudi nyuma. Neno likakatikia mkononi mwake. Nilimwona macho kwa karibu. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa. Yalikuwa macho ya mtu aliyemkuta mwizi chumbani kwake na kumbe ni mwanawe.

Bakuli likaanguka mahali. Wifi yake akapiga yowe, akamwinua Chintan kwenye kigoda, mtu analia, mtu anaomba, mwingine anamwaga maji mlangoni. Sikumbuki nilivyotoka. Nilijikuta nje kwenye ngazi, na Chintan mbele yangu, uso wake nusu njano, nusu mweupe.

"Dada Mwana, nani kakufundisha huo?"

"Mama yako! Nilimsikia stoo. Si wimbo wa harusi? Si uliniambia ladi ni bibi harusi?"

Alikaa kwenye ngazi. "Sikuujua. Shangazi ndiyo ananiambia sasa hivi. Huo wanaimba wanawake mtu akifa. Akifa msichana ambaye hajaolewa, wanamwimba kama bibi harusi, wanamvalisha kwa maneno, wanamtoa nyumbani. Kama hakuna aliyekufa hauimbwi, dada. Ukiuimba bure unaita."

"Unaita nini?"

Akaangalia mikono yake ya njano, mikono ya bwana harusi.

"Nilikuwa na dada," akasema. "Bhoomi. Nilikuwa na miaka saba, nikapelekwa kwa jirani, niliporudi hayupo. Malaria. Nyumbani halitajwi jina lake. Hata sikujua kama mama huwa anaimba."

Nimeimba msiba wa mtoto wake kwenye harusi ya mtoto wake. Nimeuimba nikitabasamu. Nimetia mtetemo. Ya Rabbi.

Jumapili, 10 Disemba

Candida kasikia kwa wateja: harusi imefanyika jana, baada ya kuhani kusoma dua ndefu. Namshukuru Mungu. Mimi sikwenda popote, nilikaa Magomeni nimegeukia ukuta.

Jumatatu, 11 Disemba

Nilidhani baya limeshapita.

Nimefika saa mbili, nikamwamkia Mama Chintan. Hakuitikia. Haikuwa kwa kununa. Alinitazama, midomo ikafunguka, halafu ikajifunga. Nikakaa kwenye cherehani nikisubiri nafasi ya kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha.

Saa nne spika za Filbert zikawashwa. Biti ya singeli. Na juu yake sauti nyembamba, ya mbio, ya mtoto aliyekunywa soda. Ladi, ladi, ladi. Vijana wa mizigo wakaweka mikokoteni chini wakaanza kucheza katikati ya barabara.

Nyuma yangu nikasikia mlango wa duka unafungwa kwa ndani. Saa nne asubuhi, Jumatatu, Kariakoo!

Nilivuka barabara bila kuangalia gari. Nikang'oa waya kwa mkono wangu. Filbert akatoka mbio. "Sista, vipi? Si ulisema nzuri?"

Ni kweli nilisema nzuri. Nikamweleza yote, palepale, mbele ya watu. Filbert ni mtu wa mzaha. Leo alikaa juu ya spika yake.

"Kwa hiyo watu wanakatia viuno msiba," akasema.

"Ufute."

"Hapa naufuta. Ila Mwana, nimeshawapa madijei tangu Ijumaa. Mbagala, Manzese, Tandale, madijei wote wa ngoma za vigodoro wanao. Wameshapeana. Nitaushika wapi?"

Jumatano, 13 Disemba

Wifi yake Mama Chintan alikuja. Alizungumza Kiswahili kwa makusudi, tena mlangoni. "Huyu mtu atoke barazani. Leo hii. Ana mdomo mbaya."

Nikasubiri Mama Chintan aseme neno. Aseme toka, nibebe cherehani yangu niende. Aseme kaa, nilie. Hakusema hili wala lile. Alikuwa anapima kitambaa cha mteja, akakipima mara mbili, na mara ya pili akakosea.

Mimi sehemu ya kushonea nitapata. Kariakoo mabaraza hayaishi. Ninachokitaka ni yule mama aniite Mwana tena, hata kama ni kunifukuza.

Alhamisi, 14 Disemba

Bodaboda imepita na kispika kifuani, inaupiga. Ikapita nyingine.

Ijumaa, 15 Disemba

Leo Mzee Tulsidas amevuka barabara. Mimi na Candida tulisimama wote wawili. Huyu mtu hajavuka barabara hii tangu nimjue. Akitaka kitu ng'ambo anatuma. Kaingia kwa Filbert. Dakika kumi, ishirini. Filbert ananiambia baadaye: aliomba kusikiliza "ule wa Kihindi", na Filbert, kwa woga, akautoa ule wa kwanza aliokuwa ameuacha kwenye kompyuta, wa Bi Mkubwa, akamvalisha vile vya masikioni. Mzee akausikiliza mara tatu amesimama, kashika ukuta wa trei za mayai.

Aliporudi hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama mbele ya cherehani yangu.

"Umeutoa wapi?"

Sikuwa na haja ya kuficha tena. Nikamwambia: stoo, mwezi wa kumi, siku uliyokwenda hekaluni. Mama alikuwa peke yake na sanduku.

"Anaimba?" Alinong'ona kama mtu aliyeambiwa ana mke mwingine. "Jashoda anaimba?"

Halafu akaongea. Kwa miaka minne nilidhani hajui Kiswahili cha kutosha. Alisema Bhoomi alipougua yeye alikuwa Sumbawanga na mzigo. Mvua ikakata barabara. Alikaa siku nne kwenye daraja lililobomoka anayaangalia maji. "Nilifika moto wa mazishi umeshazimika. Wanawake wameshamaliza kuimba. Ukishamalizwa haurudiwi. Kila mtu kamlilia, mimi nimekuta majivu."

Candida alikuwa anatazama chini. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Ule wa kwenye mashine si wenyewe," akasema. "Yule anayeimba mle anafurahi. Wewe unaiga watu wote, nakusikia kila siku. Niimbie. Polepole, kama anavyoimba yeye."

Na sauti yake ninayo. Haki ya Mungu ninayo, mpaka ile sehemu inapokwaruza kabla haijapanda. Nilifungua mdomo. Mkewe yuko ndani, hatua sita kutoka pale, anapanga majora. Nikaufunga.

"Mzee, mwenye sauti yupo ndani. Muombe yeye."

Aliniangalia kama nimemwambia aende Sumbawanga kwa miguu. Akaingia, akakaa kwenye kiti chake, akafuta miwani mpaka tukafunga.

Jumatatu, 18 Disemba

Hajamuomba. Naona kabisa hajamuomba.

Jumatano, 20 Disemba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja hata mmoja, barabara nzima tupu. Kiasi cha saa sita nikasikia Mzee anaongea ndani, kwa lugha yao. Sentensi moja fupi, na ndani yake jina: Bhoomi. Candida akaniminya mkono. Halafu Mama Chintan akajibu haraka haraka, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Halafu Mzee tena, polepole.

Mama Chintan akatokea mlangoni. Akaniangalia mimi.

"Unajua anasema nini huyu?" Maneno yake ya kwanza kwangu tangu tarehe nane. "Anasema nimwimbie. Nimemwambia hauimbwi mpaka afe mtu. Unajua amenijibu nini? Anasema kwake yeye, mtoto amekufa leo."

Hakungoja jibu. Aliingia, akaketi kwenye jora katikati ya duka, mbele ya kaunta, mumewe akatoka nyuma ya kaunta akasimama hajui aweke wapi mikono. Ng'ambo ya barabara Filbert alikuwa anatuangalia. Akazima spika zake zote.

Akaanza. Ile sauti ya chini, kavu, safari hii bila ukuta katikati. Mstari wa kwanza. Wa pili. Mzee Tulsidas alivua miwani, na kwa mara ya kwanza hakuifuta. Alikaa chini, sakafuni kabisa, kama mtoto. Mstari wa tatu, pale penye ladi, sauti ya Mama Chintan ikapanda, ikaning'inia, ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika palepale. Akajaribu mara ya tatu, hamna kitu, hewa tupu.

Mvua tu. Mzee sakafuni amemwinulia uso, anasubiri mwanawe atolewe nyumbani, na wimbo umesimama mlangoni.

"Mwana," Mama Chintan akaita. Hakugeuka. "Wewe unaujua. Malizia."

Nilisimama kizingitini. Nikamtafuta Bi Mkubwa, hayupo. Binti wa singeli nilimfukuza mwenyewe kabla hajafika. Ya kwake Mama sikuthubutu kuigusa. Nikaimba hivyo hivyo, mikono mitupu. Pumzi iliniishia katikati. Nilipotakiwa kupanda nilipanda nusu, nilipotakiwa kushuka nilianguka, kamasi zikaingia kwenye maneno, mstari wa mwisho niliusema zaidi ya kuuimba. Katika maisha yangu sijawahi kuimba vibaya namna ile mbele za watu. Mzee alikuwa analia kwa sauti, kinywa wazi, kilio cha mtu mzima ambaye hajui kinaliliwaje.

Nilipomaliza nikaona aibu imenifunika.

"Mama, nisamehe. Nimeuharibu. Nimeimba vibaya."

Alijifuta uso kwa pindo la sari. Akanitazama usoni, sawasawa, kama zamani.

"Ile siku ya manjano uliimba vizuri," akasema. "Ndiyo maana nilikuziba mdomo."

Akasogea kwenye jora, akanipa nafasi nikae.